MAJI YA KALE KATIKA SAYARI YA MIRIHI: UDONGO WATUELEZA NINI?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vijana wa jumuiya yetu usiku mmoja baada ya Tarawehe, kisha nikaombwa niyaandike kwa ajili ya gazeti letu la Ramadhani. Nimeyaacha karibu yote kama yalivyotoka, ila pale nilipojirudia nimepunguza. Usiku ule, kabla hata sijaanza, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo aliniuliza: "Mwanangu, wewe watuletea habari za maji ya Mirihi, na hapa mtaani mifereji haitoi maji. Hayo ya Mirihi yatatufaa nini?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini swali lile lilinikaa kifuani. Nikamwambia, "Mzee wangu, nipe nusu saa, nitakujibu." Nawe msomaji nakuomba nusu saa hiyo hiyo, kati ya Laasiri na futari, wakati tumbo linanguruma na mtu hana la kufanya ila kuangalia saa.

Mirihi ni sayari ya mawe kama hii yetu, ila ni ndogo. Upana wake ni kama nusu ya dunia. Siku yake ni saa 24 na dakika kama 40, yaani mwenye kufunga huko angefunga karibu sawa na sisi. Lakini mwaka wake ni siku 687 za kwetu. Hewa yake ni nyepesi mno, uzito wake haufiki hata asilimia moja ya hewa yetu, na karibu yote ni hewa ya kaboni. Ukimwaga maji huko leo hayakai. Yatachemka na kuganda karibu kwa pamoja, kisha yapotee. Hakuna mvua, hakuna mto, hakuna hata kidimbwi cha kunywa kunguru.

Sasa basi, kwa nini ni nyekundu? Kwa sababu ya kutu. Vumbi lake limejaa chuma kilichoshika kutu. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ni kutu kavu, iliyotokana na hewa tu baada ya maji kwisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba vumbi lile lafanana zaidi na aina ya kutu iitwayo ferihidraiti, ambayo ndani yake yenyewe mna maji, na ambayo hutokea mahali pa baridi penye maji. Kwa hivyo huenda wekundu ule tunaouona kwa macho kutoka barazani ni alama ya maji ya zamani sana.

Hapo ndipo penyewe. Maji hayapiti bure. Yakigusa jiwe huchukua kitu na huacha kitu. Angalia birika la kwenu nyumbani, lile la chai: ndani lina utandu mweupe mgumu ambao mama ausugua na hautoki. Yale ni mawe. Yalikuwa ndani ya maji na wewe huyaoni, moto ulipoyafukuza maji, mawe yakabaki.

Wale waliopita Nairobi wanajua kitu kingine. Upande wa miinuko ya Kiambu udongo ni mwekundu kama tofali. Teremka upande wa tambarare za kuelekea Athi River, udongo ni mweusi, wakati wa mvua unashika viatu mpaka vinabaki nyuma, na wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono. Ukiuliza asili yake, kwote huko ni mawe ya volkano. Tofauti kubwa ni maji. Kule kwenye mteremko maji ya mvua hupita na kwenda zake, yakiosha chumvi na madini mepesi, na chuma kinabaki na kutu yake. Kule tambarare maji hutuama, hayana pa kwenda, na yale madini yaliyoyeyuka hukaa pale pale yakajijenga upya kuwa aina ya udongo wa mfinyanzi iitwayo smektaiti. Huo ndio unaovimba ukinywa maji na kunywea ukikauka.

Mnaona? Mtu hakuwepo mvua iliponyesha miaka elfu iliyopita, lakini akiushika udongo mkononi aweza kusema: hapa maji yalipita, na hapa maji yalikaa. Huko Mirihi wameifanya kazi hiyo hiyo, ila kwa miaka bilioni badala ya elfu, na kwa mkono wa chuma badala ya mkono wa mtu.

Januari mwaka 2004 Wamarekani walitua na vigari viwili, Spirit na Opportunity. Opportunity kiliangukia ndani ya kishimo kidogo, na ukutani mwa kishimo kile mlikuwa na mawe ya matabaka. Ndani ya mawe yale wakakuta vidude vya mviringo vidogo kama mbegu za mpapai, vya madini ya chuma yaitwayo hemataiti, ambavyo hujitunga pale maji yanapopenya ndani ya mwamba. Na wakakuta madini mengine, jarosaiti. Hii jarosaiti nd'o iliyowashtua, manake haitokei ila kwenye maji makali yenye asidi. Basi maji yalikuwapo, lakini si maji ya kutia mdomoni.

Kisa cha Spirit mimi nakipenda zaidi. Mwaka 2006 gurudumu lake moja la mbele lilikufa, halizunguki tena. Wakawa wanakiendesha kinyumenyume, kikiliburura lile gurudumu bovu kama mtu avutaye mguu. Kila kinapopita kinaacha mfereji mchangani. Mwaka 2007 wakatazama nyuma wakaona ndani ya mfereji ule mchanga mweupe unaong'aa. Walipoupima wakakuta kwamba karibu asilimia 90 ni silika, kitu kile kile kinachotengenezewa kioo. Silika safi kiasi hicho huachwa na chemchemi za maji moto, ama na mvuke wenye asidi unaotoka ardhini kwenye volkano. Lau gurudumu lingekuwa zima, kigari kingepita juu yake na kwenda zake. Maalim wetu wa madrasa alikuwa akisema huenda ukachukia jambo na kheri yako imo ndani yake. Mimi nilipokisoma kisa hiki nilimkumbuka yeye.

Huko juu nako chombo cha Ulaya kiitwacho Mars Express, kilichofika Desemba 2003, kilikuwa kikizunguka na kupima rangi za ardhi, hata zile ambazo jicho la binadamu haliwezi kuziona. Kila madini yana rangi zake ndani ya mwanga, kama mtu na alama za vidole vyake. Mwaka 2006 wenye chombo kile wakatoa picha ya zama tatu. Zama za kwanza kabisa, mawe yake yana udongo wa mfinyanzi, nao huhitaji maji mengi ya muda mrefu yasiyo makali. Zama za pili zina chumvi za salfa, jasi na wenzake. Hapo maji yanapungua na asidi inazidi. Zama za tatu, ambazo ndizo ndefu kupita zote na zimo mpaka leo, ni ukavu na kutu. Mambo yenyewe hayakwenda kwa mstari ulionyooka namna hiyo kila mahali, na wataalamu wameyapinga na kuyarekebisha, lakini mpango ule ulisaidia kujua pa kutua.

Agosti 2012, tukiwa ndani ya Ramadhani ya mwaka 1433, Curiosity ikatua katika bonde kubwa la duara liitwalo Gale, ambalo katikati yake pana mlima wa zaidi ya kilomita tano kwenda juu. Mapema mwaka 2013 ikatoboa jiwe kwa mara ya kwanza. Na unga uliotoka haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa kijivu! Wekundu wa Mirihi kumbe ni kama vumbi juu ya kabati. Ukitoboa kidogo tu ndani ni rangi nyingine. Jiwe lile lilikuwa tope la ziwa lililogeuka mwamba, na karibu sehemu moja kwa tano yake ilikuwa ni smektaiti, ndugu yake ule udongo mweusi wa tambarare za Athi. Maji yaliyoitengeneza hayakuwa na asidi kali wala chumvi nyingi. Mkuu wa utafiti ule alisema waziwazi wakati huo kwamba mtu angaliweza kuyanywa. Ziwa lile lilikuwapo miaka bilioni 3.5 hivi iliyopita.

Kisha Curiosity ikaanza kuupanda mlima. Tabaka la chini ndilo kongwe, la juu ndilo jipya. Kupanda mlima ni kama kufunua kurasa za kitabu. Mwaka 2019 ilikuwa katika matabaka yaliyojaa udongo wa mfinyanzi. Mwaka 2022 ilikuwa imeingia kwenye matabaka ya chumvi za salfa. Yaani kadiri unavyopanda, ndivyo unavyoyasoma maji yakikauka.

Kukauka huko nako kuna taratibu yake, na watu wa Gongoni na Marereni wanaijua kuliko maprofesa. Maji ya bahari yakiingizwa kwenye mashamba ya chumvi na jua likawaka, chumvi ya kula haitangulii. Hutangulia chokaa kidogo, kisha jasi, ndipo chumvi yenyewe, na mwisho hubaki yale maji machungu ya magnesi. Mtu akikuonyesha jasi peke yake bila chumvi, waweza kukadiria maji yalifika wapi katika kukauka kwake. Ndivyo wanavyoyasoma mawe ya mlima ule.

Kuna ushahidi wa upande wa pili pia, maana mwenye kutafuta haki husikiliza pande zote mbili. Yapo madini ya kijani yaitwayo olivini, yanayotoka kwenye volkano, na maji huyala upesi sana. Sasa, Mirihi ina sehemu pana zenye olivini ambayo haijaliwa. Maana yake sehemu hizo hazikuwahi kukaa ndani ya maji kwa muda mrefu tangu mawe yale yalipotoka moto. Kwa hivyo yule anayekuambia Mirihi ilikuwa bahari tupu kama dunia amezidisha, na anayekuambia haikupata kuona maji naye amepitwa na wakati.

Yalikwenda wapi? Sehemu yalipotea angani. Ndugu zetu wa Imarati walipeleka chombo chao, Al-Amal, kikafika Mirihi tarehe 9 Februari 2021, na moja katika kazi zake ni kutazama jinsi hidrojeni na oksijeni zinavyotoroka kutoka hewa ya juu. Hidrojeni na oksijeni ndiyo maji yenyewe. Na sehemu nyingine hayakwenda popote: yamefungwa ndani ya mawe. Utafiti mmoja wa mwaka 2021 ulikadiria kuwa kati ya asilimia 30 na 99 ya maji ya Mirihi ya zamani yamenaswa ndani ya madini ya ardhi yake. Kadirio hilo ni pana, najua. Lakini hata ukichukua lile la chini kabisa, ni maji mengi mno yaliyomo ndani ya mawe makavu.

Sasa najua kijana mmoja hapa ameshanyanyua mkono moyoni: Je, palikuwa na viumbe? Mwezi wa Julai 2024 kigari kingine, Perseverance, kilichotua Februari 2021 karibu na mahali mto wa kale ulipomwaga tope lake ziwani, kilikuta jiwe lenye madoa kama ya chui. Katika madoa yale mna madini ya chuma ambayo hapa duniani mara nyingi hutengenezwa na vijidudu vidogo. Mara nyingi, si kila mara. Yaweza kutokea bila vijidudu pia, na wenye chombo wenyewe wamesema hawajathibitisha. Maji yalikuwapo, hilo limethibiti. Uhai ni suala lingine.

Hapa naomba niseme neno, na atakayekasirika anisamehe kwa hishima ya mwezi huu. Huzunguka makaratasi na meseji za kusema ati jambo fulani la sayansi lilikuwa limeandikwa katika aya fulani na wazungu wameligundua jana. Mimi naogopa mtindo huo. Sayansi hubadilika, nimewaeleza sasa hivi jinsi kutu ya Mirihi ilivyobadilishwa jina mwaka 2025. Ukiifunga aya kwenye kauli ya mtafiti, siku kauli ile ikianguka utafanyaje? Katika Suratu Fatir, aya ya 27, Mola wetu anataja mvua, kisha anataja milima na njia zake za rangi rangi, nyeupe na nyekundu na nyeusi. Sisemi kwamba aya ile inazungumzia Mirihi. Nasema inatuambia tutazame. Na aya inayofuata inawataja wenye ilimu na kumcha kwao Mwenyezi Mungu. Mimi nilipousoma mpangilio huo nikiwa madrasa sikuuelewa. Mvua, matunda, milima, kisha ilimu? Nimeanza kuuelewa kidogo maabara, nikiwa na jiwe mkononi.

Usiku ule kijana mmoja aliuliza pia kama vumbi la Mirihi lasihi kutayamamia. Masheikh walicheka, lakini suali si la mzaha. Mwaka 2007, Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alipopanda kwenda kituo cha anga katika siku za mwisho za Ramadhani, ulamaa wa nchi yake walikaa na kumwandikia mwongozo wa ibada, na tayamamu ilikuwamo. Vumbi la Mirihi lina chumvi iitwayo perikloreti. Chombo cha Phoenix kiliipima mwaka 2008, ni kama nusu asilimia ya udongo, na haifai kuingia mwilini. Hukumu yake waulizeni mafakihi, mimi si mufti.

Sasa nimrudie mzee wangu, maana nusu saa imekwisha.

Mzee, nilipoingia chuoni niliishi chumba kimoja na kijana wa Bonde la Ufa, Muislamu mwenzetu. Mtu mzuri, mcheshi, lakini akicheka huziba mdomo kwa mkono. Meno yake yana rangi ya chai, yenye vishimo. Kwao watoto wote wa rika lake wako hivyo. Kijijini kwao palichimbwa kisima cha mashine kwa sadaka ya Waislamu, tena sadaka iliyochangwa ndani ya Ramadhani kama hii. Nia ilikuwa safi na maji yalitoka maangavu, baridi, matamu. Hakuna aliyeyapima.

Ndani ya maji yale mlikuwa na floridi. Inatoka wapi? Inatoka kwenye mawe ya volkano, kwa kazi ile ile niliyoieleza ya maji kuyala mawe. Kwa kawaida chokaa iliyomo majini huikamata floridi ikatua chini. Lakini maji ya Bonde la Ufa mengi yamejaa magadi na chokaa ni chache, kwa hivyo floridi haina wa kuikamata, inazidi tu. Ziwa Magadi lenyewe ndio mwisho wa safari hiyo: chemchemi za moto zinaingia, maji hayana pa kutokea, jua linayakausha, magadi yanabaki. Mle mna madini ya silika yaliyotambuliwa mwaka 1967 na kupewa jina la ziwa letu, magadiaiti. Wanaochunguza silika ya Mirihi husoma pia mawe ya maziwa kama hilo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha floridi kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya mtoto huharibika wakati yanapoumbwa, kabla hayajaota, na ukishaona rangi umeshachelewa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hushika mifupa. Na kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki, kama mawe ya birika. Kinachosaidia ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa uliotengenezwa maalum, jambo linalofanywa hapa hapa Kenya, ama kuchanganya na maji ya mvua, ama kuchimba mahali pengine.

Mtu anayejua kusoma jiwe la Mirihi kutoka mbali kiasi kile, ndiye mtu anayeweza kusimama juu ya kiwanja kabla ya kuchimba na kusema, maji ya hapa yapimwe floridi kwanza. Ilimu ni moja. Na katika vijana wetu wanaoingia vyuo, wengi waenda kusomea biashara na kompyuta, sina ubaya nao, lakini wa mawe na udongo nawahesabu kwa vidole na vidole vinabaki.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Maji hupimwa wapi?" Nikamwambia, wapo Mkemia wa Serikali na maabara za maji, unapeleka chupa safi, na useme wazi kwamba wataka na floridi ipimwe, usipotaja huenda wakaangalia vijidudu na chumvi tu.

Usiku wa pili yake, kabla ya Isha, nilimkuta mlangoni na chupa mbili. Moja ni ya kisima cha msikiti, ya pili ya shamba la mwanawe huko bara, ambako nyumba ina watoto watatu, mkubwa ana miaka sita. Tumezipeleka zote mbili. Majibu bado.